Matairi Yaliyong'aa

3 Machi

Kwa mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute umeamka vizuri na bega ulilovunja halikusumbui. Mimi sijambo, ni mafua tu, na mafua kwangu ni kama ndugu. Mama naye hajambo, ukiacha mkono.

Usishangae mwandiko. Ni mimi, Redio. Wewe ndiye uliyenipa jina hilo, ukisema nyumba yetu ina redio nzuri ila haijawahi kuwashwa. Kwa simu ningekwama kwenye "halo", na simu yenyewe ni moja, iko kwa mama, na namba yako ameifuta. Ulipo nimeambiwa na karani wa ofisi ya vifurushi pale stendi, yule mwenye pengo. Anasema madereva wao wote wanakujua. Barua zangu nitampa yeye, na wewe za kwako mpe dereva. Nitakuwa nazipitia nikitoka shule.

Nimeanza mara mbili kukuandikia kwa lugha ya shuleni, ile ya mitihani, kwa sababu ndiyo wanayotusahihishia kila siku. Nikaona naandika kama mtu anayeomba kazi. Nimeichana.

Sasa habari za huku. Imetimia miezi mitano tangu ajali. Vidole vitatu vya mama vya mkono wa kulia havikunjiki, na kidole gumba kinatikisika tu kama kinakataa kitu. Daktari amesema tusitegemee zaidi ya hapo. Cherehani anaimudu: miguu anayo, na kitambaa anakisukuma kwa mkono wa kushoto huku akikikandamiza kwa mgongo wa ule wa kulia. Kazi imemshinda kwenye kukata. Mkasi wake ni wa mkono wa kulia, na ukiushika kwa kushoto unatafuna kitambaa badala ya kukikata. Kwa hiyo nakata mimi, nikitoka shule, yeye akiwa amekaa pembeni. Jana aliniuliza, "Mkasi ndio unaokiogopa kitambaa, au wewe?" Nikaendelea kukata. Unanijua.

Ile kazi ya sare za shule ya bweni ilikwenda kwa fundi mwingine.

Jina lako halitajwi. Benchi lako bado liko nje ya mlango lakini hakalii mtu. Kikombe chako mama anawekea chaki na pini.

Mjomba, kwa nini uliondoka bila kuniaga? Mimi pia nina jambo nataka kukuambia, ila naona nimefika chini ya karatasi.

Mpwa wako,
Redio


15 Machi

Mpwa wangu Redio,

Marahaba, tena marahaba ya mtu aliyekaa miezi mitano bila kuamkiwa na mtu wa kwao. Barua yako nimeisoma nimesimama, nikaisoma nimekaa, halafu nikamsomea paka wa mwenye nyumba. Paka anasema una mwandiko mzuri.

Bega halijambo. Linajua mvua inakuja kabla ya watangazaji wa hali ya hewa, na halikosei kama wao. Naishi chumba kimoja nyuma ya duka la saruji, kwa hiyo nywele zangu zimeanza mvi kabla ya wakati wake. Nikioga naurudia ujana. Natengeneza baiskeli, matoroli na viti vya magurudumu vya zahanati. Pikipiki siigusi. Mtu akija na pikipiki namwonyesha kwa jirani. Hapa wananiita Fundi Polepole, kwa sababu hata baiskeli nikiimaliza siipandi kuijaribu, naikokota.

Umeniuliza kwa nini niliondoka. Wewe si mtoto tena, nitakuambia.

Siku ile nilikuwa naendesha taratibu, Mungu ni shahidi. Tulipotoka mtaani kulikuwa kukavu. Tulipoingia kwenye lami manyunyu yakaanza, yale ya kulowesha tu, hayafikii hata kuitwa mvua. Kwenye kona ya kiwanda cha matofali kulikuwa na mkokoteni mbele, nikagusa breki kidogo. Tairi la nyuma likaniaga. Ndivyo lilivyofanya, lilikwenda zake pembeni kama mtu aliyekumbuka shughuli nyingine. Tukalala upande wa kulia. Mama yako angeweza kujikinga vizuri, lakini mkono wa kushoto ulikuwa umekumbatia furushi la sare na hakuliachia. Kwa hiyo ule wa kulia ndio ulioipokea barabara yote.

Hospitali, alipoweza kusema, aliniuliza, "Imekuwaje?" Nikamjibu, "Ni barabara tu, dada." Akasema, "Wewe nimekubeba mgongoni. Ukinidanganya najua. Siku ukiwa tayari kusema, njoo."

Sijawa tayari. Ndiyo maana niko huku na paka.

Usimwambie kuwa tunaandikiana. Na ukikata kitambaa, usifunge mkasi mpaka mwisho kabla hujausogeza mbele, utaacha vijino. Hilo alinifundisha yeye mwenyewe, kabla sijakimbilia kwenye grisi.

Jambo lako nalisubiri. Tumia karatasi mbili.

Mjomba wako


2 Aprili

Mjomba,

Shikamoo. Natumaini u mzima na paka ni mzima. Barua hii nimeichana mara nne. Nitaandika haraka na sitarudia kuisoma.

Asubuhi ile ya safari mimi ndiye niliyeosha pikipiki. Wewe ulikuwa umelala kwetu ili muondoke mapema. Mama alikuwa ameamka kabla ya jogoo, gauni lake amelipiga pasi mara mbili, na zile sare tatu za mfano amezifunga kwenye kanga kama mtoto mchanga. Hajawahi kupata kazi kubwa kama ile. Nilitaka mwalimu mkuu wa ile shule, akichungulia dirishani, aone watu wa maana wamefika.

Nilipomaliza kuosha, pikipiki yote iling'aa isipokuwa matairi. Yalikuwa yamepauka kama visigino. Nilishawaona wale vijana wa kuosha magari wakipaka matairi rangi nyeusi ya kung'aa. Sikuwa na dawa yao. Nikachukua dawa nyeusi ya viatu vyangu vya shule, ilikuwa imebaki kidogo, nikaichanganya na mafuta ya kukaangia ili itoshe. Nikapaka kwa kipande cha kitambaa cha bluu, mabaki ya zile sare.

Wale vijana hupaka ubavuni tu. Sikujua. Mimi nilipaka kote, mjomba. Nilipaka mpaka sehemu yenye meno, ile inayokanyaga barabara. Ndani ya meno kitambaa hakikufika, kwa hiyo nikatumia mswaki wangu wa zamani. Nilitumia karibu saa nzima. Nilijivunia.

Mlipoanguka sikuunganisha. Nilisikia "barabara iliteleza" nikaamini, kama kila mtu.

Mwezi wa pili mwalimu wa fizikia alitufundisha msuguano. Aliweka kipande cha tofali juu ya ubao, akauinamisha ubao, tofali likatulia. Akamwagia mafuta na maji kidogo, akauinamisha vilevile. Darasa zima lilicheka tofali lilivyokimbia. Mimi nilishika dawati. Wiki iliyofuata lilikuja swali kwenye jaribio: eleza kwa nini ni hatari tairi kuwa na mafuta barabara ikiwa imelowa. Niliandika mistari sita kwa lugha ya mitihani. Sikukosea hata neno. Nikapata alama zote, na mwalimu akaandika pembeni kwa wino mwekundu kwamba naonekana nimeelewa.

Kile kitambaa cha bluu ninacho. Kipo chini ya godoro. Kimekauka, kimekuwa kigumu kama ngozi.

Mama anakuchukia wewe kwa kosa langu. Kila siku nikikata kitambaa anauegemeza mkono wake mezani karibu na wangu, na mimi nakata tu. Niambie nifanye nini. Ukiniambia niseme, nitasema. Ukinichukia pia nitaelewa, ila niandikie.

Redio


20 Mei

Mjomba wangu,

Shikamoo. Sijui kama u mzima.

Wiki saba zimepita. Karani ananiona kwa mbali anatikisa kichwa kabla sijafika dirishani. Jana alinihurumia akanipa peremende, kama mimi ni mtoto wa darasa la pili.

Kama umeamua kutoniandikia tena, naomba hilo tu uliandike.

Mpwa wako


1 Juni

Mpwa wangu,

Marahaba. Mimi ni mzima wa mwili. Barua yako haikupotea. Ilinifikia siku ya tano. Nilikaa nayo wiki zote hizo, si kwa sababu nakuchukia. Nilikuwa sina pa kuanzia, na mimi mwenye maneno mengi nikikosa pa kuanzia huwa nakimbia, kama unavyojua.

Naanza na kidole.

Fundi hapandi chombo bila kukigusa. Asubuhi ile nilipita kidole kwenye tairi la nyuma, kikarudi cheusi na kinateleza. Nikanusa. Dawa ya viatu na mafuta ya kukaangia. Nilijua palepale ni nini, na ni kazi ya nani, na kwamba halifai kwenda hata hatua kumi kwenye lami namna ile. Nikageuka kutafuta sabuni na mchanga. Ni kazi ya dakika ishirini.

Wewe ulikuwa umesimama mlangoni na mswaki mkononi, unacheka. Wewe Redio, kwa sauti, mpaka mama yako akatoka kuangalia ni mgeni gani amekuja. Sijawahi kukusikia ukicheka vile. Nikaona haya kukuzima. Nikajiambia vumbi la mtaani litayakwangua kabla hatujafika lami. Nikasema, "Leo pikipiki imevaa viatu vya bwana harusi." Dada akacheka na yeye, akapanda.

Basi. Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Wewe hukujua, mimi nilijua. Mtoto akipaka, fundi anaosha. Mimi sikuosha.

Mama yako aliponiuliza imekuwaje, jibu la kweli lilikuwa na wewe ndani yake. Sikuweza kulitoa bila kukutoa. Yeye akaona naficha, na kweli nilikuwa naficha. Tumefika hapo, na tukae hapo. Mimi nimeshazoea huku. Wewe una mama mmoja na mnalala nyumba moja. Choma hicho kitambaa, usiseme kitu.

Nimempa dereva kifurushi pamoja na barua hii. Ni mkasi wa mkono wa kushoto. Upo, hata mimi sikujua kwamba upo. Wiki hizi zote nimekuwa nawazunguka wauza vyuma chakavu, nikaupata kwa mmoja aliyedhani umeharibika kwa sababu haukumkatia. Makali yake ya juu yamekaa upande wa kushoto. Nimeunoa, nimekaza msumari wake. Mwambie umetoka popote unapotaka.

Mjomba wako


27 Juni

Mjomba wangu,

Shikamoo. Natumaini umeamka salama. Sikukutii. Nisamehe kwa hilo kwanza, maana mengine yana foleni.

Kifurushi nilikifikisha. Nilikuwa nimeandaa uongo kuwa mkasi umetoka kwa mwalimu wa sayansi kimu. Mama hakuuliza. Alifungua gazeti, akauona, akautia mkono wa kushoto, akakata hewa mara mbili. Halafu akauweka kwenye droo ya vifungo na kuifunga. Ni mtu mmoja tu duniani ambaye angekumbuka kutafuta kitu kile, na alijua kama ninavyojua mimi.

Siku tisa nilikuwa naitazama droo ile. Ukisema ukae hapo na mimi nikae hapa, mjomba, mkasi nao utakaa kwenye droo hadi lini?

Ijumaa nilipotoka shule tulikuwa peke yetu. Nilijaribu kusema nikakwama kama kawaida. Nikaenda chumbani, nikatoa kile kitambaa, nikakiweka mezani juu ya kitambaa cha mteja. Mama akasema nitachafua kazi ya watu. Ndipo nikasema. Nilisema yote, kuanzia dawa ya viatu hadi tofali la mwalimu. Sijui nani alizungusha kitufe. Sauti yenyewe sikuitambua.

Mama alisimamisha cherehani. Aliuliza swali moja tu.

"Na mjomba wako alijua?"

Ningeweza kusema hapana. Nilifikiria, sitakuficha. Nikasema, "Alijua. Aliona haya kunikatisha raha."

Alikishika kile kitambaa kwa muda mrefu. Alikikunjua kwa mkono wa kushoto, akatazama upindo wake, akasema ni mabaki ya mkono wa ile sare ndogo. Nilidhani atanipiga. Nilitamani anipige. Aliniambia nikaanue nguo.

Jioni nilipiga magoti nikamwomba msamaha. Akasema, "Leo sina. Niombe tena Jumapili."

Jumapili nilimwomba. Akasema, "Bado."

Kuhusu wewe hajasema chochote. Lakini kikombe chako kimeoshwa. Chaki na pini ziko kwenye kopo la maziwa.

Mpwa wako,
Redio


19 Agosti

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo. Sisi wazima. Naona safari hii wewe ndiye umekuwa redio isiyowashwa, lakini sikulaumu. Pamoja na barua hii kuna kifurushi, na nataka uisome kabla ya kukifungua.

Jumapili zimefika tisa. Kila Jumapili baada ya chakula namwomba, na kila Jumapili anasema bado. Hasemi kwa ubaya. Anasema kama mtu aliyeulizwa kama maji yamechemka, akafunua sufuria, akachungulia. Siku nyingine analia kidogo akiwa anashona, hajifichi, na mimi naendelea kukata. Kuna siku aliutazama mkono wake akasema, "Huu ulikuwa unatunga uzi sindanoni bila kuangalia." Basi.

Alhamisi nilirudi kutoka shule nikamkuta amefungua droo. Ametandaza kitambaa cheupe mezani, ule mkasi uko kwenye mkono wa kushoto, ulimi nje kama mtoto anayejifunza kuandika. Nilisogea kumsaidia akaniambia nikae mbali. Hakuwa na karatasi ya vipimo. Alikuwa akivitaja kwa sauti ndogo huku akichora kwa chaki: kola kumi na tano na nusu, mkono ishirini na nne, bega la kushoto limeshuka kidogo kwa sababu mwenyewe alianguka mtini akiwa na miaka tisa, akafichwa jikoni ili mama asipigwe, maana yeye ndiye aliyekuwa anamwangalia.

Ndipo nikajua ni shati la nani.

Nikamwambia siku hizi la kulia nalo limeshuka, tangu livunjike, maana karani alishanisimulia.

Akaacha kuchora. "Livunjike lini?"

Hakuwa anajua, mjomba. Miezi kumi na zaidi hakujua kwamba na wewe ulivunjika. Anasema hospitali ulikaa kwenye kiti pembeni yake siku mbili umejitanda koti, na kila akikuomba maji ulikuwa unampa kwa mkono wa kushoto, naye akaona ni dharau. Halafu akafuta bega la kulia kwa kiganja, akalichora upya, chini zaidi.

Pindo la chini limekwenda upande. Nilimwomba nilinyooshe akakataa. Amesema nikuandikie hivi, neno kwa neno: "Kama halimwenei asinitumie vipimo. Fundi hapunguzi nguo ambayo mwenyewe hayupo."

Jumapili iliyopita nimeomba tena. Bado.

Mpwa wako,
Redio


30 Agosti

Mpwa wangu Redio,

Marahaba. Hapa wazima, mimi na paka.

Shati nimelivaa jana, mwenye nyumba akaniuliza naoa lini. Mabegani limekaa, yote mawili. Nilisimama mbele ya kioo cha duka la saruji nikavuta kola, nikavuta mikono, nikitafuta kasoro huku mabegani, sikuiona. Lile koti, mpwa wangu, nilijitanda ili asinihurumie. Nilidhani nikihurumiwa ndiyo nitasema. Kumbe yeye alikuwa anahesabu mkono ninaompa maji.

Kiunoni linapwaya, nimekonda, unaweza kuficha kuku humo ndani na asisikike. Kwa hiyo inabidi lipunguzwe, na fundi ameshasema masharti yake.

Nakuja Jumamosi. Msije kunipokea stendi. Nitashuka mapema pale kiwanda cha matofali, nataka kuipita ile kona kwa miguu yangu kwanza. Kama bega halijanidanganya kutakuwa na manyunyu, msihangaike nikichelewa.

Jumapili baada ya chakula usiombe peke yako. Tutapanga foleni. Mimi nitakaa mbele, maana mimi ndiye niliyekuwa nimeshika usukani. Akisema bado, tutatoka tukakae kwenye benchi mpaka Jumapili nyingine. Lifute vumbi.

Mjomba wako